Fundo Lisilo na Pembe

Nyamityobora, Mbarara
3 Februari 2002

Mama mkwe wangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzima. Chumba ni kile kile, na mwenye nyumba bado anapika pombe ya ndizi chini ya dirisha langu, kwa hiyo ninasali nikiwa nimeziba pua. Mguu wako umefikia wapi? Dereva wa gari la kwenu Rwekubo ameniambia uliteleza kando ya ziwa ukichuma mbegu za shanga. Kama ni kweli, basi mimi ndiye niliyekuvunja, kwa maana mimi ndiye ninayezitaka.

Nyuzi ulizotuma zimekwisha zote. Ngoja nikueleze ninavyozigeuza, usije ukadhani naziuza zilivyo. Wanawake wa hapa hawataki uzi mzima wa shanga za majini, mbegu zilivyochumwa, kama tunavyouvaa kwetu siku ya harusi. Wanasema hayo ni mambo ya bibi zao. Kwa hiyo nakata fundo, namwaga shanga kwenye sinia, nazichagua kwa ukubwa. Ndogo nazitunga kwenye raba ziwe bangili, maana raba inavutika na inaingia mkono wowote, mnene au mwembamba. Nyeupe nazitia tatu tatu kwenye waya ninaoupinda kwa koleo, zinakuwa hereni. Mchungaji Nehemiya akisikia kwamba mke wa Muhirwa anatengeneza hereni, mwambie masikio yangu mwenyewe hayajatobolewa.

Nina ombi moja. Vile vipande vya pembe ya ng'ombe unavyofungia kila uzi, usivitie tena. Mimi navitoa vyote na kuviweka kwenye kopo la maziwa. Mteja mmoja wa mtaa wa Kamukuzi, binti anayeolewa mwaka huu, alijaribu uzi wenye pembe akasema, "Nyabo, hii iko nzito, itanivunja shingo." Funga fundo tu, Mama. Utajiokoa na kazi ya kukwangua.

Muhirwa bado hajaleta neno. Tangu alipovuka mpaka na kupanda mlimani kwao kufuata ng'ombe wa marehemu baba yake, misimu miwili ya mvua imepita. Sitakaa nikingoja wa tatu upite. Kila hereni ninayouza naiweka kuwa nauli. Nitapita Kabale, nivuke mpaka Bunagana, nimtafute mume wangu mwenyewe.

Mwanao,
Umwiza

*

Nakivale
17 Februari 2002

Mwanangu Umwiza,

Amani ya Bwana iwe nawe na pua yako. Mguu wangu umevunjwa na utelezi, usijipe ukubwa. Nimefungwa vijiti na nimeambiwa nisikanyage. Nakaa mlangoni kuanzia asubuhi, wakimbizi wote wa kambi wananisalimu, nimekuwa kama chifu.

Nimesoma ombi lako mara nyingi kwa sababu nilidhani sikuona vizuri. Ulipoolewa ulikuwa mtoto wa mjini Uvira, na siku ile nilipokuvisha uzi ulikuwa unalia, pengine hukunisikia. Nakuandikia sasa. Pembe si pambo, pembe ni mwenye nyumba. Katika ukoo wetu wanaume walilisha ng'ombe mbali, na mke alibaki na uzi shingoni, pembe ya mumewe kwenye fundo. Mume akifia huko malishoni, mke hakutumiwa mtu wa kumwambia, kwa maana angelia mbele ya wageni bila mkono wa kumshika. Wala neno hilo la kifo halikuandikwa kwenye karatasi. Mama wa mume alimpelekea uzi mweupe mtupu, fundo bila pembe. Mke akiuona alifunga mzigo na kurudi kwa mkwe wake, na neno lenyewe alilisikia hapo, kwa kinywa cha mama. Mimi mwenyewe niliupokea uzi huo. Nilikuwa nakamua.

Kwa hiyo fundo tupu siwezi kulifunga kwa ajili ya shingo za Kamukuzi. Nitakutumia shanga zilizo huru, zisizotungwa.

Na gari la Kabale usilipande. Barabara ile ina watu wenye bunduki kila kona. Kawia ufike.

Mama yako,
Nyirabizimana

*

Nyamityobora
2 Machi 2002

Mama yangu,

Shanga huru zilifika zimepungua. Gunia lilitoboka njiani, na dereva anasema kuku wa Rwekubo wamezidonoa. Zikiwa kwenye uzi hazipotei, nami nazihesabu kwa haraka. Ndiyo maana ninarudi kukusumbua.

Nimeelewa ulichoniandikia kuhusu pembe, na nimelia kidogo nilipofika pale uliposema ulikuwa unakamua. Lakini Mama, hizi shanga si zetu, ni za wateja. Binti wa hapa, wa Kinyankore, akivaa fundo tupu anajua nini? Anaona hereni tu. Biashara haigombi. Tukubaliane mimi na wewe: kuanzia sasa fundo tupu halina neno, ni bidhaa. Mungu hasomi mafundo, anasoma mioyo.

Uzi wangu ulionivisha wewe haujaguswa. Kanisani siuvai, kwa sababu mama wa kwaya wananitazama kama nimeingia na ngoma. Nimeufunga kwenye shuka. Pembe yake imekuwa nyororo kwa kushikwa.

Kuhusu Kabale, unaogopa kwa sababu wewe ni mama. Na mimi siogopi kwa sababu ni mke. Nikikaa hapa mwaka mwingine, nitakuwa nimekubali jambo ambalo hakuna aliyeniambia.

Umwiza

*

Nakivale
16 Machi 2002

Mwanangu,

Umenishinda. Una mdomo wa mumeo, huyo naye alikuwa akiniomba maziwa mpaka ninampa na ya ndama.

Nyuzi hizi nimechanganya kijivu na nyeupe, mafundo matupu. La kwanza mkono ulilikataa. Nikajiambia, ni bidhaa, Nyirabizimana, ni bidhaa. La pili likawa rahisi, na hayo mengine nilifunga huku nikizungumza na jirani. Imenisikitisha kuona jinsi mkono unavyozoea upesi.

Uza. Lakini hiyo nauli inunulie cherehani.

Mama yako,
Nyirabizimana

*

Nakivale
21 Aprili 2002

Shemeji Anatole,

Huyu Gasore uliyemtuma kutoka huko mlimani amefika salama. Amelala kwangu, amekula, na barua hii atakuletea mkononi.

Alipoingia sikumwelewa. Alisimama uani akizungusha kofia, akasema, "Mama, iko neno ya kukuambia, lakini si ya kusemea hapa inje." Hapo nikajua. Nilimwambia aketi, nami nikaketi, na akaniambia yote uliyomwambia aniambie. Nilimuuliza kama mwanangu alipata watu. Akasema, "Batu balikuwa mingi, mama. Tulimulaza muzuri, fasi ya juu, maji haifike. Baliimba." Asante, shemeji. Umenilazia mtoto. Mungu akulipe, mimi sina cha kukulipa.

Nimelia mpaka sauti ikaisha. Sasa nafikiri juu ya mke wake. Yuko Mbarara peke yake, katikati ya watu ambao hawajui hata jina la kwao, na kila siku anakusanya nauli ya kuja huko kumtafuta. Akivuka mpaka nitakuwa nimewapoteza wawili. Gasore amejitolea kupita kwake amwambie, nimekataa. Mwanamume hampi mke neno hilo, wala mchungaji hampi. Ni langu, na mguu wangu hauwezi kupanda gari.

Basi nitafanya kama mama yako alivyonifanyia mimi. Usiku huu natunga uzi. Ni kweli nilikubali kumfungia mafundo matupu ya biashara, lakini hayo yalichanganywa rangi, na huu ni mweupe wote. Atauona. Mwenye macho haambiwi tazama.

Nyirabizimana, mke wa ndugu yako

*

Nakivale
22 Aprili 2002

Mwanangu Umwiza,

Nimekutumia uzi mmoja. Uufungue ukiwa peke yako, na ukiwa umeketi. Kisha njoo nyumbani. Usilete kitu.

Mama yako,
Nyirabizimana

*

Nyamityobora
9 Mei 2002

Mama yangu mpendwa,

Bwana asifiwe tena na tena! Sikiliza alichofanya.

Yule binti wa Kamukuzi, anayeolewa Jumamosi tarehe 18, alikuja wiki tatu zilizopita akitaka uzi mzima, mweupe mtupu, usio na kijivu hata kimoja. Nilimwambia sina. Nilitaka kukuandikia nikaona aibu, mguu wako haujapona, nikuongezee kazi ya kuchagua shanga nyeupe moja moja? Nikaomba tu. Na siku chache baadaye dereva ananipa kifurushi chako, nafungua, uzi mweupe mtupu! Tena bila pembe, kama tulivyokubaliana. Nilipiga kelele mpaka mwenye nyumba akatoka na mwiko.

Uliandika nikae peke yangu nikifungua. Nimecheka, Mama. Najua uliogopa zisimwagike tena kama zile za kuku. Zimefika zote. Sikukata hata fundo, niliongeza ndoano ya fedha nyuma ya shingo ili aweze kuuvua mwenyewe. Binti alipoujaribu akasema, "Nyabo, hii sasa iko nyepesi." Uzi wako utaingia kanisani kwenye shingo ya bibi harusi. Nimejivunia wewe.

Kwa hiyo nauli imetimia. Wafanyabiashara wawili wanaopeleka nguo Bukavu wameniahidi nafasi. Tunaondoka hapa Jumatatu, tarehe 20. Ulisema nije nyumbani. Nisamehe, sitapita huko kwanza. Nikiiona sura yako utanizuia, na nikizuiliwa sasa sitapata nguvu hii tena. Nitarudi naye, au nitarudi na habari zake. Nitakuletea udongo wa mlimani kwenye kitambaa.

Niombee.

Umwiza wako

*

Nakivale
14 Mei 2002

Mwanangu, binti yangu,

Barua hii ameichukua mchungaji Nehemiya mwenyewe. Nimemwambia akupe, kisha akae nje kwenye jiwe, asiseme lolote, hata ukimuuliza. Usimuulize. Ana moyo mwepesi, atashindwa.

Jana alikaa na mimi tangu mchana. Alisema, "Mama, andika tu. Karatasi haina zambi." Nikashika kalamu. Niliandika jina, nikashindwa kuandika kinachofuata, nikaichana karatasi. Usidhani ni ukaidi wa mzee. Ni kwamba karatasi haina mikono. Ukishaisoma, ni nani atakayekushika?

Lakini huwezi kupanda gari lile. Kwa hiyo nisikilize, kama ulivyokuwa ukinisikiliza tulipokaa wote wawili mlangoni na sinia katikati. Nitakupa kazi. Uifanye hatua kwa hatua, na usisome mbele kabla mikono haijamaliza. Nakuomba hilo, Umwiza. Hata kama wewe ni mbishi, leo nitii.

Funga mlango. Keti sakafuni, mgongo ukutani. Tandika shuka mapajani.

Toa uzi wako. Sisemi wa wateja. Nasema ule niliokuvisha kwa mikono yangu.

Fungua fundo kwa ncha ya sindano, usilikate. Litakuwa limekaza, lina miaka. Mimi nililikaza kwa meno. Likianza kulegea, vuta polepole.

Teremsha shanga zote kwenye shuka. Za kijivu zitenge upande mmoja, hizo kazi yake imekwisha.

Ndani ya bahasha nimeweka uzi mpya, nimeupaka siagi. Tunga nyeupe peke yake. Usiharakishe. Ukishindwa kuendelea, simama, unywe maji, urudi.

Sasa nyeupe zimeingia zote, na mkononi umebaki na pembe. Ishike. Usiitunge. Funga fundo bila hiyo.

Umefunga?

Mwanangu, mimi na wewe tulikubaliana kwamba fundo tupu halina neno. Niliposoma barua yako ya bibi harusi nilijua kosa letu liko wapi. Tuliuza ulimi wetu kwa bei ya hereni, kisha nikataka kuutumia. Leo mimi ninalivunja lile patano. Fundo hili ulilolifunga si bidhaa. Lina neno, na unalijua.

Fungua mlango. Nehemiya yuko pale. Gari la Kabale liache liende. Panda la Rwekubo, uje na pembe hiyo. Mlimani wamefanya yao, na wamefanya vizuri. Hapa nasi tuna mahali pa kuilaza, chini ya migomba, pameshalimwa.

Nakungoja. Sitaingia ndani mpaka nikuone.

Mama yako,
Nyirabizimana

*

Nyamityobora
17 Mei 2002

Mama,

Mchungaji anatangulia na barua hii kwa gari la mchana. Mimi nitakuja na la jioni. Nimetaka ujue kwamba najua, kabla hujaniona njiani, ili usihangaike kutafuta pa kuanzia.

Nilitii. Sikusoma mbele. Nilipofika pale pa kufungua fundo nilikukasirikia, nilidhani ni hila ya kunichelewesha. Fundo lilikataa sana. Nikatunga nyeupe. Katikati ya kutunga mikono ilijua, mimi nikiwa bado sijajua. Ilianza kwenda polepole yenyewe. Kila shanga niliyotia nilijiambia, zikiisha nitaweka pembe, zikiisha nitaweka pembe. Zikaisha.

Sikulia mle chumbani. Nilitoka nje, Nehemiya akasimama, nikalia kwenye koti lake. Mwenye nyumba alizima moto wa pombe bila kuambiwa na akaleta kigoda. Sikuwa nikijua kwamba ni mtu mwema.

Baadaye nikakumbuka ule uzi. Niliupokea nikacheka, Mama. Niliuinua juu ya kichwa changu nikazunguka nao chumbani. Kisha nikaupeleka kwa mtu anayeanza nyumba yake kesho. Nilikaa macho nikifikiri zaidi juu ya jambo hilo kuliko hata juu ya Muhirwa, labda kwa sababu hilo ninaweza kulifanyia kitu.

Leo asubuhi nimekwenda Kamukuzi. Nyumba yao imejaa shangazi na ndizi, na binti alikuwa anajaribu kitambaa cha kichwa. Nilimwomba uzi, nikamwambia nimeona kasoro. Kwenye kopo la maziwa nimechagua kipande cha pembe kilicho kizuri kuliko vyote ulivyokwangua. Nilifungua fundo lako kwa sindano, sikulikata, nikakitunga, nikafunga. Ndoano nikaitoa. Akauvaa mbele ya kioo, akageuza shingo huku na huku.

"Nyabo, hii iko nzito tena."

"Najua," nikamwambia. "Uvae hivyo hivyo."

Akanitazama usoni, sijui aliona nini. Hakuuvua.

Wale wafanyabiashara nimewaambia waondoke bila mimi. Kopo lote la pembe nakuletea, usikwangue nyingine mpaka hizi ziishe, kwa maana kuanzia leo hakuna uzi utakaotoka mkononi mwangu na fundo tupu, hata wa mteja. Asiyetaka uzito akanunue za plastiki sokoni.

Pembe ya Muhirwa iko peke yake. Nimeifunga kwenye kitambaa, nimeishika hivi ninavyoandika. Uzi mweupe nimeuvaa. Nikipita mbele ya kanisa na mama wa kwaya wakanitazama, watanitazama.

Niwekee maji ya kunawa mlangoni. Nikifika, usiniulize safari, wala usinipe chakula kwanza. Nishike mkono uniambie. Nimeshajua, Mama, lakini sijaambiwa.

Umwiza,
mke wa Muhirwa